Fomu Tisa za Mtaa wa Gereji

Swali la saba ndilo lililompa Chepe raha kuliko yote kwenye ile fomu. Mengine yalikuwa ya kupoteza pumzi tu: mko wangapi nyumbani, takataka mnatupa wapi, gari mnaoshea wapi. La saba lilikuwa lake. "Maji ya mvua yakishaingia mtaroni, yanaishia wapi?" Akishalisoma alisubiri, kalamu hewani, kama mtu aliyetega panya.

"Si yanakwenda kwenye yale mabwawa yao ya kusafishia?" alijibu mama mmoja, huku akimwaga beseni la mapovu mtaroni mbele ya macho yake. "Yakachujwe, yaturudie bombani."

"Yanakauka," alisema fundi cherehani wa kona. "Jua si lipo?"

Mzee mmoja aliyekuwa akinyolewa kibarazani alisogeza wembe wa kinyozi pembeni ili ajibu vizuri. "Bwana mkubwa, mtaro mmechimba nyinyi, mmeusakafia nyinyi, leo mnakuja kuniuliza mimi unakwenda wapi. Kwani mmeupoteza?"

Kibaraza kizima kilicheka, na Chepe naye akacheka. Kisha akatia alama kwenye kisanduku cha "hajui" na kuendelea na safari.

Yeye jibu alikuwa nalo. Miaka ishirini na miwili alikuwa msafisha mitaro wa ofisi ya mji, na hilo jina alilipata kwa sababu ya chepe lililokuwa haliachani na bega lake. Shule aliiachia darasa la tano. Mgongo ulipomgomea wakampa kazi nyepesi, kupita nyumba kwa nyumba na fomu katika mitaa kumi na mmoja. Hakuhitaji ramani kujua kwamba mitaro ya mji ule haipiti kwenye bwawa lolote la kusafishia. Kinachoingia mtaroni kinatokea kijitoni vilevile kilivyo. Sabuni inatoka sabuni, oili inatoka oili.

Na pale mtaro mkubwa unapotokea, kwenye kona mbili za kijito kwenda chini, ndipo dada yake alipolima mboga. Msimu huo dada alikuwa amepata bahati aliyoisubiri miaka sita. Mpishi mkuu wa hospitali alikuja mwenyewe, akatembea kwenye vitalu vyake, akasema mboga zote za msimu atazichukua yeye, mradi ziwe safi. Dada akaongeza vitalu mpaka ukingoni mwa maji. Alikuwa akivizungumzia vile vitalu kama mtu anayezungumzia harusi ya mwanawe.

Kabla hawajaanza kupita mitaani, afisa wa mazingira aliwakusanya. Alikuwa binti ambaye Chepe angeweza kumzaa, lakini alijua kazi yake.

"Wazee wangu, hatuendi kumkamata mtu," aliwaambia. "Majina hayaandikwi. Nina mapipa manne tu ya kukusanyia oili chafu, na wahamasishaji wa kutosha mitaa mitatu. Siwezi kwenda kila mahali. Fomu ndizo zitakazoniambia wapi watu hawajui, nipeleke nguvu huko. Mkinidanganya, nitabeba dawa kwenye nyumba isiyo na mgonjwa."

Chepe aliitikia kwa kichwa. Mitaa kumi aliipita bila kuruka hata mlango mmoja. Ukabaki mtaa wa gereji.

Gereji tisa, fomu tisa. Ya tatu kutoka kona ilikuwa ya kaka yake. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, na kaka ndiye aliyewalea, yeye na dada, kwa mikono ileile iliyokuwa haitakati hata siku ya sikukuu. Mpaka leo, na mvi zake kichwani, Chepe akiingia kwenye ile gereji alisimama mpaka aambiwe kaa.

Alifika kona ya mtaa alasiri. Kabla hajavuka akamwona kaka anatoka chini ya pikapu, amebeba karai la oili nyeusi kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayempelekea mgonjwa uji. Uwanja wake ulikuwa umefagiwa ukafagika, na kwa jinsi alivyokanyaga ilionekana wazi kwamba hataki hata tone limwagike pale. Akafika ukingoni mwa barabara. Akainama. Akaimimina yote mtaroni, akasuuza karai kwa maji, na hayo nayo akayamwaga mlemle.

Kwa Chepe jambo lenyewe halikuwa geni. Kwa miaka yote alikuwa akichota tope jeusi kwenye mdomo uleule wa mtaro na hakuwahi kufungua kinywa. Siku zote alijiambia: kaka anajua. Fundi mwenye akili kama ile, anayesikiliza injini na kukwambia ugonjwa wake kabla hajafungua boneti, atakosaje kujua? Anajua, ila hajali. Na mtu aliyekununulia viatu vya kwanza, utamwambiaje kwamba hajali? Sasa asimame mbele yake na kalamu ya serikali, amuulize oili chafu anapeleka wapi! Kaka akisema uongo, ataandika uongo wa kaka. Akisema kweli, ataandika aibu yake.

Akageuza. Alikaa kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akazijaza fomu zote tisa juu ya goti. Alitumia kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, ili zisifanane. Oili chafu: tunahifadhi kwenye madumu. Swali la saba: kijitoni. Watu tisa wa karatasi, wanaojua kila kitu na wasiomwaga chochote. Kazi yote haikumaliza muda wa kikombe cha chai. Aliporudisha kalamu mfukoni alijiona amemsitiri ndugu yake.

Wiki mbili baadaye afisa alibandika ramani ukutani, ina pini nyekundu na za kijani. Mtaa wa gereji ulikuwa kijani tupu.

"Hapa nilidhani ndipo penye balaa," alisema, akigusagusa zile pini. "Pipa moja nilishalipeleka huku kichwani mwangu. Kumbe ndio wanaojua kuliko wote! Mzee Chepe, una hakika?"

"Mafundi wa mji huu wamesoma lini?" mwenzake mmoja akadakia. "Yule aliyenitengenezea breki hajui hata gari linasimamaje."

Watu wakaangua kicheko, na kile kicheko kikampa Chepe pa kujificha. Angeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, nilizijaza mwenyewe, basi. Badala yake akasema, "Fomu si hizo hapo?"

Afisa alimtazama kidogo, kisha akaendelea. Pipa likaenda kwa waosha magari.

Njiani kurudi nyumbani Chepe aliwaza vile vitalu vya ukingoni. Mvua bado mwezi mzima, alijiambia. Nitazungumza na kaka mwenyewe, kwa upole, kifamilia, siku yoyote. Tatizo la siku yoyote ni kwamba haina jina, kwa hiyo hukumbuki kuamka nayo.

Mitaa iliyochaguliwa ilichangamka. Wahamasishaji walipita na kipaza sauti, wakachora samaki wa rangi ya bluu kwenye kila mdomo wa mtaro, na chini yake maneno: Hapa ni kijitoni. Jumapili moja walipokutana kula kwa dada, kaka akauliza, mdomo umejaa, "Wewe mtu wa ofisi, wale samaki wa mitaa ya wenzetu ni wa nini? Urembo? Na sisi mtuchoree basi, gereji zipendeze."

Alikuwa ameulizwa. Alikuwa amewekewa swali mkononi.

"Mambo ya ofisi tu hayo," Chepe alisema, akaomba aongezewe maji.

Mvua ya kwanza haikusubiri mwezi uishe. Ilianza asubuhi, ikapiga kama inadai, ikasomba kila kilichokuwa kimelala mitaroni kiangazi chote. Saa sita mchana simu ikalia. Ilikuwa ya dada. "Njoo shambani," alisema. "Na kaka mwambie aje." Akakata.

Walimkuta amesimama katikati ya vitalu, gauni limelowa mpaka magotini. Maji yalikuwa yamepanda, yakapita juu ya mboga, yakashuka, na yalipoondoka yaliacha kila jani limevaa ngozi nyeusi, inayong'aa rangi za shingo ya njiwa. Mpishi wa hospitali alishakuja na kuondoka. Alichuma jani moja, akalinusa, akamrudishia dada mkononi kwa adabu.

"Hata hakunigombeza," dada alisema. "Bora angenigombeza. Kasema tu, pole mama, wagonjwa siwezi kuwalisha hiki."

Kaka alichutama. Alichovya vidole viwili kwenye dimbwi, akavisugua, akavipeleka puani. Uso wake ukabadilika.

"Oili ya injini. Na imetumika mpaka imechoka." Akanyanyuka, sauti imempanda. "Mpumbavu gani anamwagia watu oili mtoni? Nikimpata nitamnywesha!"

"Kaka," Chepe aliita.

"Nini?"

"Ni mtaro wenu. Wa gereji. Unatokea pale, nyuma ya yale matete."

Kaka alitabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize utani. "Huu si wakati wa mzaha. Wa kwetu unakwenda kwenye mabwawa ya kusafishia. Unafikiri kwa nini namwaga mle? Nisichafue ardhi."

"Hauendi."

"Nani kakwambia?"

"Nimeusafisha miaka ishirini na miwili, kaka."

Tabasamu lilikawia kutoka usoni mwake, kama halijaambiwa. Vile vidole viwili vyeusi alikuwa bado kavinyoosha mbele, asijue avifutie wapi.

"Na hukuwahi kuniambia."

"Nilidhani unajua."

"Ulidhani najua." Aliyarudia yale maneno polepole, kama anayaonja. "Ulidhani najua kwamba namwagia dada yangu uchafu kwenye mboga zake, na bado namwaga. Mimi. Ndivyo unavyonijua?"

Dada ndiye aliyesema, na hakupaza sauti.

"Si ulikuwa unapita na makaratasi unauliza watu mambo hayahaya? Kwake ulipita?"

"Sikupita. Nilimjazia."

"Ulimjazia nini?"

"Kwamba anajua."

Dada alimtazama kwa muda ambao Chepe angeulipa kwa chochote ufupishwe. Kisha akainama, akaanza kung'oa. Alishika kila mche kwenye shina, akautikisa udongo, akautupa pembeni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Kaka akaingia mstari wa pili. Chepe alipokunja suruali ili aingie wa tatu, dada alisema bila kuinua kichwa, "Wewe acha."

Akabaki ukingoni, mikono inaning'inia, mpaka walipomaliza.

Kesho yake alikwenda kwa afisa, akasema yote akiwa amesimama. Alitegemea kumwaga unga, na kwa kweli alikuwa akiuombea umwagike. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama ile ramani yake na zile pini za kijani.

"Nilikuuliza kama una hakika," alisema.

"Uliniuliza."

"Mapipa nimeshagawa. Wahamasishaji wamemaliza mikataba. Mengine ni mwakani, na hayo nayo siyaahidi." Akafungua mtoto wa meza, akahesabu karatasi, akazisukuma upande wa pili. Fomu tisa tupu. "Rudi ukaulize."

Alianza na gereji ya tatu. Kaka alikuwa chini ya gari, miguu tu nje. Chepe alisimama. Hakuambiwa kaa. Akasoma maswali kwa zile soli za viatu, na majibu yakawa yanatoka chini ya injini, mafupi mafupi. Alipofika la saba aliinua fomu karibu na uso.

"Maji ya mvua yakishaingia mtaroni, yanaishia wapi?"

Spana ilinyamaza.

"Kwa dada," kaka alisema.

Kisanduku cha jibu hilo hakikuwepo. Chepe aliliandika kwenye mstari wa "mengineyo", akabana herufi zienee.

"La mwisho. Habari za namna hii ungependa uzipate kwa njia gani? Redio, mkutano, bango, ndugu au jirani?"

Kaka alijivuta kutoka chini ya gari, akaketi. Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu.

"Weka ndugu," alisema. "Ingawa huyo nilikuwa naye."

Chepe akatia alama.

Kaka aliinama tena, akavuta karai lililojaa kutoka chini ya gari, akalinyanyua. Miguu ikamwelekeza barabarani kwa mazoea, hatua mbili, kisha akasimama. Akageukia ukutani. Madumu saba yalikuwa yamepangwa pale, yote yamejaa mpaka shingoni.

"Pipa lenu linakuja lini?"

"Labda mwakani."

Kaka alibaki katikati ya uwanja na karai lake, halimwagi, haliweki chini. Chepe alitia fomu mkobani, akasogea, akanyoosha mikono amsaidie kulishika. Kaka akajitenga hatua moja, taratibu, isije ikamwagika, akabaki nalo mwenyewe.