Uvimbe wa Bosi

Habari hii nilipewa na msusi, mdogo wake mwanamke mmoja mfagiaji, siku tulipokuwa tukifumua sweta la zamani tupate uzi wa kofia. Yeye anavuta, mimi naviringisha. Mambo yenyewe yalikuwa hayajatimiza hata mwaka, kwa hiyo alikumbuka kila kitu, mpaka rangi ya beseni.

Beseni lilikuwa la bluu. Jumamosi asubuhi mfagiaji alimwogesha mbwa wake humo, kwenye kibaraza cha nyuma, kwa sabuni ile ile ya kufulia. Mbwa aliitwa Bosi. Jina alipewa na watu wa ofisi ya vyeti, mahali mfagiaji alipokuwa akifanya kazi, kwa sababu kila siku alifika na mfagiaji kabla ya watu wote, akalala chini ya benchi refu la wanaosubiri, na hakuondoka mpaka milango ifungwe. Mtu akiingia akauliza, "Bosi yupo?" anajibiwa, "Yupo, ila amelala." Na kweli amelala.

Mfagiaji alipofika kwenye ubavu wa kushoto, vidole vyake vikakutana na kitu. Kilikuwa chini ya ngozi, nyuma kidogo ya bega, ukubwa wa ndimu. Alikisukuma, kikasogea, kikarudi mahali pake.

"Mdogo wangu! Hebu njoo ushike hapa."

Msusi akatoka na kitana kimechomekwa kichwani. Vidole vyake vimezoea vichwa vya watu. Anajua jipu, anajua kovu, anajua nundu ambayo mtu amezaliwa nayo. Akashika. Akashika tena. Akapangusa povu vidoleni.

"Sema basi."

"Labda ni mafuta. Huyu anakula kuliko mimi."

"Mafuta yanakuwa magumu hivi?"

"Basi amejigonga kwenye benchi. Dada, usianze kulia na sabuni iko mkononi, utajisugua macho."

Wiki ile mfagiaji alikuwa hana raha. Alikipapasa kile kitu asubuhi kabla ya kuvaa viatu, akakipapasa mchana huku akijifanya anaokota karatasi chini ya benchi, akakipapasa jioni. Muuza mkaa alimwambia akande kwa maji ya chumvi. Akakanda. Jirani wa mlango wa pili alisema asiguse kabisa, ukigusa ndiyo kinapanda. Akaacha kugusa kwa muda wa saa nzima. Jumanne uvimbe ulikuwa kama yai. Alhamisi ulikuwa kama ngumi ya mtoto, na Bosi alipopanda ngazi tatu za ofisini alisimama katikati, mdomo wazi, pumzi ikipiga mluzi kama birika. Mfagiaji alimlea mbwa huyo tangu hajafumbua macho. Mume hakuwahi kupata, mtoto hakujaliwa, na hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini mluzi ule ulimkata maini.

Ijumaa akaomba ruhusa, akampeleka kwa daktari wa mifugo, nyuma ya duka la chakula cha kuku.

Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono safi mno. Alimpandisha Bosi mezani, akabonyeza, akaweka mipira masikioni, akasikiliza muda mrefu, kama mtu anayesikiliza redio iliyo chumba cha pili. Kisha akampa mfagiaji ile mipira asikilize mwenyewe.

Mfagiaji akasikia mtu anakohoa. Akasikia benchi linalia, karatasi zinapekuliwa, mtoto anaambiwa anyamaze, na mwanamke mmoja anauliza, "Samahani, wewe uko nyuma ya nani?"

"Hii ni foleni," daktari akasema, akaliandika neno hilo kwenye kadi. "Niliwahi kuikuta kwa punda mmoja aliyekuwa akifungwa nje ya mahakama. Yule waliniletea wamechelewa. Huyu mbwa anafanya kazi gani?"

Ndipo mfagiaji akaeleza. Watu waliokuja dirishani wakaambiwa "rudi kesho," walipoinuka kwenye benchi walikuwa na mchezo wa kumpapasa Bosi ubavuni na kumwambia, "Bosi, nishikie nafasi yangu." Ulikuwa mzaha tu wa kuondolea aibu. Mmoja alianza, wengine wakaiga, na sasa hata wageni waliuona ndiyo utaratibu.

"Mzaha wa kwenu," daktari akasema. "Mbwa hajui mzaha. Ameambiwa ashike, ameshika."

"Hauwezi kukatwa?"

"Wamo arobaini na ushee. Nikikata, wataenda wapi? Waite, mama. Mmoja mmoja. Kila mmoja mwambie ukweli wa shida yake. Akishajua, ataachia nafasi, na uvimbe utapungua. Ila usichelewe. Ukifika kooni, sitakuwa na la kufanya. Tuseme siku kumi."

"Daktari, mimi nafagia. Sina mhuri."

"Nani amezungumza habari ya mhuri?"

Jioni hiyo hiyo, baada ya chai, walitandika mkeka kibarazani. Msusi alikipakata kichwa cha Bosi. Mfagiaji akachukua faneli ya mafuta, akaiosha, akauweka mdomo wake mpana juu ya uvimbe. Sauti ikatoka upande mwembamba, ndogo lakini safi.

"Anayefuata," mfagiaji akaita. Alilijua neno hilo, alilisikia kutwa.

Akajitokeza mzee. Alitaka cheti cha kifo cha mkewe.

Mfagiaji alidhani hilo ni la makarani. Lakini ofisi ile alikuwa akiifagia kila alfajiri, vyumba vyote vinne, chini ya kila meza na nyuma ya kila mlango, na hakuna karani aliyejua mahali kilipo kitu kama anavyojua yeye.

"Mzee wangu," akasema, "cheti kiliandikwa zamani. Kimo kwenye faili la kijani, na hilo faili limewekwa chini ya mguu wa kabati. Kabati lilikuwa linayumba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Kisha mzee akasema, "Haya, binti yangu. Ngoja nikalale," na uvimbe ukashuka kiasi cha punje ya haragwe. Msusi aliuhisi kwa vidole.

"Umepungua! Dada, ita mwingine, ita!"

Akaja mwalimu wa chekechea. Faili lake lilikuwa linawekewa birika, lina alama tano za duara. Wakaja maharusi wawili. Ombi lao lilianguka nyuma ya jokofu, na waliosubiri wote walijua kwamba nyuma ya jokofu hapafiki mtu ila mwenye ufagio. Watu sita siku ya kwanza, saba siku ya pili. Pumzi ya Bosi ikawa nyepesi. Jumapili asubuhi akambwekea muuza mkaa, jambo ambalo alikuwa ameliacha.

Jioni ya tatu akajitokeza mwanamume mwenye sauti ya upole. Yeye alitaka kuandikwa kwamba yu hai, kwa sababu kwenye daftari lao alikuwa marehemu.

Mfagiaji akalikumbuka faili lake. Mafaili ya marehemu yasiyo na mwenyewe huchomwa kila mwisho wa mwaka, na anayeyabeba kwenda kuyachoma ni mfagiaji. Alilibeba lile faili kwa mikono yake, akalitia moto, akasimama hapo mpaka likaisha. Alimwonea huruma yule mtu, na kwa huruma hiyo likamtoka neno alilolisikia kila siku ya kazi:

"Rudi kesho, kaka."

"Asante sana," yule mtu akasema.

Jumatatu asubuhi uvimbe ulikuwa kama nazi. Bosi hakuweza kusimama. Msusi alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Umemwambia nini yule mtu jana?"

"Nilimhurumia."

"Basi mhurumie na huyu."

Mfagiaji hakungoja jioni. Alipiga magoti pale pale, na sare ya kazi mwilini, akaweka faneli.

"Kaka wa jana. Faili lako halipo. Nililichoma mimi. Sikujua kama u hai."

Mahali fulani ndani ya mbwa mtu akapiga chafya, mwingine akamwambia afya.

"Kwa hiyo naanza upya," yule mtu akasema hatimaye.

"Unaanza upya. Uje na mashahidi wawili."

"Heri nimejua, dada. Miaka minne naambiwa linatafutwa." Na akaondoka, na wale waliokuwa wamerudi kwa sababu ya lile neno la kesho wakaondoka naye. Bosi akainuka, akanywa maji nusu bakuli.

Siku hiyo hiyo, ofisini, yule mzee halisi alifika dirishani. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisema hakuja kusubiri, ameshaitwa, amekuja kuchukua tu. Cheti kimo kwenye faili la kijani chini ya mguu wa kabati. Karani wa dirisha hakumuuliza amejuaje. Aliinama, akalivuta lile faili, akatoa cheti, akakikung'uta vumbi, akampa. Kabati likaanza kuyumba. Karani akachukua faili lingine juu ya meza, akalisukumia chini ya mguu, akajaribu kwa kiganja kama limekaa sawa, akaita, "Anayefuata!"

Mfagiaji aliliona jina lililokuwa kwenye faili hilo jipya. Akalihifadhi kichwani, akaendelea kufagia.

Hivyo ndivyo walivyokwenda, jioni baada ya jioni. Siku ya tisa ilibaki punje moja tu, ndogo kama ya mahindi, lakini ilikuwa imepanda, iko chini kabisa ya koo, na Bosi alikuwa akipumua kwa ule mluzi. Walipoweka faneli, ikatoka sauti ya mwanamke, changa, yenye adabu.

"Naulizia barua yangu."

"Barua ipi, mwenzangu?"

"Ya kazi. Niliambiwa hii ni ya muda tu, nisubiri ya kudumu."

"Unafanya kazi idara gani?" Mfagiaji alitafuta kichwani, meza kwa meza. Barua ya namna hiyo hakuwahi kuiona. "Ulikuja lini? Uko nyuma ya nani?"

"Siko nyuma ya mtu. Mimi ndiye wa kwanza."

Msusi alikuwa amekaza macho kwenye faneli. Akamtazama dada yake, akaitazama faneli.

"Hee! Dada! Huyu si wewe?"

"Mimi nina sauti hiyo?"

"Ulikuwa nayo. Kabla hujang'oa yale meno ya mbele."

Mfagiaji akakaa chini. Ilikuwa kweli. Miaka tisa nyuma, siku ya kwanza ya kazi, alikaa kwenye benchi lile na kikapu miguuni, na ndani ya kikapu mtoto wa mbwa aliyemwokota njiani. Akaambiwa asubiri barua, na wakati akisubiri apitishe ufagio kwenye ngazi. Akamgusa yule mtoto wa mbwa ubavuni, akamnong'oneza, "Nishikie nafasi, nakuja sasa hivi." Akaenda kufagia, na hakurudi kukaa. Mzaha ule wa watu wote, aliyeuanza ni yeye. Na mtu wa kwanza kuingia yuko chini ya wote, kama nguo za sandukuni.

"Mwambie basi," msusi akasema taratibu. "Anasubiri."

Ilikuwa vigumu kuliko yule kaka. Alipangusa mdomo kwa kanga.

"Barua haikuandikwa, mdogo wangu. Meza ile naifuta mimi kila siku. Haimo kwenye meza, haimo kwenye droo, haimo kwenye kichwa cha mtu yeyote."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

Sauti ikavuta pumzi. "Na yule mbwa wangu?"

"Amekua. Mkubwa, mpole. Anapendwa na watu."

"Eeh, hilo ni zuri," ile sauti ikasema, na haikusema tena.

Bosi akapiga chafya mara tatu, akajitikisa mwili mzima mpaka masikio yakalia, akaenda kulamba sufuria. Chini ya ngozi hapakuwa na kitu.

Jumatatu msusi aliandika barua ya kumwombea dada yake kazi ya kudumu, kwa mwandiko wake mzuri, ukurasa mmoja, na mfagiaji akapanga foleni kama watu wengine, ufagio mkononi. Karani alisoma mistari miwili.

"Rudi kesho, mama."

"Kesho nipo. Nafagia hapa."

"Basi keshokutwa."

"Na keshokutwa nitakuwa nafagia, tena hapo hapo ulipokaa. Iweke tu, nione unapoiweka."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, na karani naye akacheka kidogo, bila kupenda. Akaiweka juu ya trei, mahali ambapo kila mtu aliiona. Kila alfajiri mfagiaji anaifuta vumbi, anaiacha juu kabisa.

Ofisi haijabadilika. Watu wanaambiwa kesho, wanainuka, wanampapasa Bosi ubavuni, na Bosi anashika, maana ndivyo alivyo. Lakini kila jioni faneli huoshwa.

Jumatatu hiyo walikuwa wanne tu. Watatu walikwisha mapema. Wa nne alikuwa mama mmoja mwenye haraka, na mfagiaji akamwambia faili lake liko kwenye kiti cha karani, ndilo amelikalia kupata urefu. Aende asubuhi, amwombe asimame.

"Nitamwomba," yule mama akasema. "Nitamwomba kwa sauti."

Msusi alikwisha lala zamani, kitana kichwani. Bosi akajikunja miguuni pa kitanda, pumzi inaingia na kutoka bila mluzi. Mfagiaji alipitisha mkono ubavuni mwake mara moja, taratibu, kutoka bega hadi kiuno, na ulikuwa ubavu wa mbwa, basi. Akazima taa, naye akalala.