Waliokaa Nyuma ya Tajiri

Mpiga picha alisimama kwenye mlango wa kiwanda cha kushona sare, akafungua tundu la lenzi hadi mwisho, akamwomba tajiri asitikisike. Nyuma ya tajiri washonaji walikaa kwenye cherehani zao, na mama yake mpiga picha alikuwa mmoja wao. Mpiga picha alipiga kipande kipande: uso, bega, kiti, kisha safu za nyuma. Baadaye angeviunganisha viwe picha moja pana, tajiri aonekane hadi kope, na kilicho nyuma yake kififie.

"Kumbe na wewe unaunga viraka," mama akamtania.

"Mama, usicheke. Utaniharibia mshono."

Alasiri aliviunganisha kwenye kompyuta. Kipande cha mwisho kilipokaa, nyuma ya tajiri pakalainika kama maziwa yakiingia kwenye chai. Mama aliporudi kutoka kazini, naye alikuwa hivyo hivyo. Gauni lake halikuwa na ukingo, wala uso wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumekuwa hivi sote," alisema akivua viatu. "Haiumi. Ila kutunga uzi, mwanangu, ndiyo kasheshe."

Mjukuu wake, mtoto wa mpiga picha, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutambua sura za watu, alimtazama kisha akageukia ukuta. Hilo lilimkata mpiga picha maini.

Kesho yake alimwendea tajiri kuomba apige upya, safari hii akilenga safu za nyuma. Tajiri alikuwa amekwisha kuitundika picha.

"Ya nini? Imetoka safi."

"Mzee, hebu watazame washonaji wako."

Tajiri akawatazama mmoja mmoja, bila haraka. "Si wako vilevile?"

Jioni mpiga picha alisubiri getini, mtoto mgongoni. Washonaji walipotoka, jua lililoinama liliwapenya, na kila mmoja akatanuka kuwa duara la mwanga, hili la rangi ya chungwa, lile la kijani, maduara yakipishana bila kugongana. Wapita njia walishuka kwenye baiskeli zao wakatazama. Mpiga picha hakukumbuka kamera. Duara moja likawasogelea. Mtoto akanyoosha mkono, ukazama hadi kiwiko, akapapasa mpaka akapata pua.

"Bibi," akasema.

"Abee, mume wangu," likajibu duara, likampokea. Kisha likamwambia mpiga picha, "Kesho uniamshe mapema. Tajiri ametaka tuwahi, sare ni nyingi."