Puto la Mzee wa Saa

Baba mkwe wangu alikuwa amefumba jicho moja, na kwa lile jingine, lililobakiwa na mwanga kidogo, alikuwa akifunga uzi ulioanguka sakafuni. Niliuona kutoka mlangoni. Vidole vyake viliendelea, fundo la kwanza, fundo la pili, kwa ustadi wa miaka arobaini ya kutengeneza saa, wala hapakuwa na kitu kati ya vidole vile.

Nikaweka chai mezani, nikauokota.

"Baba, uzi ulianguka."

"Lini?"

"Kitambo."

Akacheka peke yake. "Basi nimefunga mafundo mawili ya hewa, na nilivyoyakaza! Kaa hapo, mwanangu. Wewe unayewashonea maharusi shanga ndogo kama mchanga, hebu nifungie puto langu."

Puto lenyewe lilikuwa na urefu wa kidole, kwa sababu kidole ndicho kilicholizaa. Kila Jumamosi mchana, mzee na wenzake wawili, Nesi na Mwalimu, wote wastaafu, walitandika meza kwa kitambaa kilichochorwa mashamba na mahandaki, wakapigana vita vya angani vya zaidi ya miaka mia iliyopita kwa ndege zinazoenea kiganjani. Mzee, kwa ndege zake, alilinda puto la upelelezi. Hilo hufungwa ardhini kwa waya, na ndani ya kikapu chake husimama mtu mmoja anayetazama mbali na kuwaelekeza wapiga mizinga wake. Nesi na Mwalimu walikuja kulitungua.

Nilipoolewa katika nyumba ile niliyaona mambo hayo kuwa utoto wa uzeeni. Nilikuwa sijamwona mzee akifanya kazi. Alichukua glavu ya hospitali, akapuliza kidole chake cha kati, siku zote cha kati, akakifunga, kisha akakivika karatasi ya shashi iliyolowekwa gundi ya unga. Tabaka la kwanza likikauka, la pili. La pili likikauka, la tatu. Baada ya hapo alikitoboa kidole kwa sindano, akakivuta nje polepole, na shashi ikabaki imesimama yenyewe, tupu na nyepesi. Nyuma alibandika mapezi matatu. Kikapu alikisuka kwa nyuzi kuzunguka pini. Mtu alikuwa tone la risasi ya kulehemu lililopigwa tupa hadi likapata mabega, mdogo kuliko punje ya mchele, na mkono mmoja ameuweka juu ya macho kukinga jua. Glavu, nikwambie, zililetwa na Nesi, adui mwenyewe.

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni: puto lililotunguliwa lilichomwa moto. Ndiyo, moto wa kiberiti, uani, ndani ya bati la kuokea mikate. Kazi ya wiki tatu! Nilipouliza kwa nini, mzee alinijibu kwamba puto halijulikani limetengenezwaje mpaka liungue. Nikadhani ananitania.

Lakini hili la sasa lilikuwa la mwisho. Daktari alishasema kwamba mshipa wa jicho ukifa haurudi, na kilichosalia kitakwenda vilevile. Mzee alijua, nami nilijua, na mume wangu alijua akakimbilia kuzungumzia mvua. Kwa siku sita nilifunga nyuzi kumi na sita za kikapu, huku mzee akizipapasa kwa ncha ya ukucha na kuniambia, "Wa tano umelegea." Naye mara zote alikuwa sahihi. Nimeshona mashela yaliyowatoa watu machozi ukumbini, lakini sijapata kuona mkono kama ule. Nikaapa moyoni kwamba puto hili halitaungua. Nitalitia kwenye chupa ya kioo, likae kabatini.

Jumamosi ilipofika, Mwalimu alikuwa amelala kwao kwa maumivu ya mgongo. Nesi akanitazama.

"Mama, shika ndege yake."

"Mimi? Sijui kitu."

"Unaandika tu. Mbele, kushoto au kulia. Tukishaandika wote, tunasoma kwa sauti, na kilichoandikwa hakifutwi."

Basi nikawa adui wa baba mkwe wangu. Ndege za mzee zilimfuata Nesi upande wa pili wa meza, na zamu ya nne nikajikuta uso kwa uso na puto, hakuna wa kunizuia. Niliona zile nyuzi zangu kumi na sita. Nikaandika, nikakunja karatasi.

Nesi akaisoma. "Kushoto." Akaisoma tena. "Kushoto?"

Kushoto palikuwa na mashamba matupu. Nesi akainamisha macho, akawa anapangusa miwani isiyokuwa na vumbi. Mzee akanigeuzia uso.

"Mwanangu," akasema, "Nesi amenitungulia maputo thelathini na moja. Hajawahi kunihurumia hata mara moja. Ndiyo maana nampenda."

"Baba, hili ni..."

"Najua hili ni la ngapi. Niliketi mezani nicheze. Ukiniweka kabatini leo, kesho utaniweka wapi?"

Niliona aibu kama mtu aliyefumaniwa anaiba, na kwa kweli nilikuwa naiba. Zamu mbili zilinichukua kuigeuza ile ndege. Zamu hizo mbili mzee alizitumia vizuri: aliniwinda bila huruma, akanitoboa bawa, nikabaki na nafasi moja tu. Nikaandika "mbele". Nikatupa dadu, maana puto hutunguliwa kwa sita tu, na niliitaka hiyo sita kwa roho yangu yote.

Ikatoka sita.

Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Naam! Huyo ndiye rubani!"

Tukatoka uani. Kabla ya kiberiti, alipenyeza kibano kikapuni, akamtoa yule mtu kwa jaribio la kwanza, bila kuona, bila kugusa uzi hata mmoja. "Mtu kwanza," akasema. Akashika waya wa puto kwa mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyewasha.

Moto ulipanda kwa ukimya. Shashi ikawa dhahabu, kisha nyeusi, na pale nilipodhani imekwisha, ganda lile lote likajitenga na bati, likapaa, limekamilika umbo na mapezi yake.

"Limeinuka?" mzee akauliza.

"Limeinuka, baba."

"Limelala upande?"

"Limenyooka."

"Kiasi gani?"

"Shubiri. Na zaidi. Bado linakwenda."

"Basi matabaka yalilingana," akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeona.

Majivu yalipotua alinitafuta mkono, akaufungua, akamweka yule mtu katikati ya kiganja. Alikuwa bado na joto la vidole vyake, mkono juu ya macho, akitazama mbali.

"Huyu hana pa kupanda," akasema mzee.

Nesi alikuwa ameshafungua mkoba. Akatoa glavu mpya, nyeupe, akamnyooshea mzee kwa mazoea. Kisha akausogeza mkono wake mpaka kwangu.

"Mtatumia kidole kipi?"

"Cha kati," nikasema, kabla mzee hajafungua kinywa.