Puruko Avua Kichwa

Kiwanda cha keki za samaki pale bandarini kilikuwa na masharti mawili kwa mvaaji wa Puruko, vazi la sponji la kutangazia biashara: usiseme, na usivue kichwa mbele ya watu hata ukizimia. "Ndani hamna mtu," meneja Shingai alipenda kukumbusha, na Tamae Orikasa, aliyekuwa humo ndani akitota jasho, alitikisa mashavu ya sponji kuonyesha kaelewa.

Puruko alikuwa kipande cha keki ya samaki, waridi juu, mweupe chini, macho kama sahani, kidomo cha kuonewa huruma. Wanaume wazima wenye tai zao wakimwona tu walilegea: "Jamani, kazuri haka!" Miaka kumi na tisa Tamae alisimama kwenye mashine na hakuna aliyempa hata pole. Kiwiko kilipoharibika ndipo wakamtia kwenye sponji.

Wiki mbili nyuma mashine ya kusaga samaki ilikula vidole vitatu vya shoga yake, Kinuyo. Damu haijakauka vizuri, kampuni ikabandika mabango kiwanda kizima: Puruko analia, mkono una plasta ya mioyo mioyo, na maneno, "Nilizubaa mwenzenu! Tuwe waangalifu, ee?" Kila asubuhi Tamae akawa anacheza ngoma ya plasta mbele ya zamu. Alicheza huku anasaga meno.

Leo walikuwa garini kwenda hospitali. Puruko kiti cha nyuma na shada la maua, Shingai na karani Usami mbele.

"Na akikataa?" Usami aliuliza.

"Akatae mbele ya Puruko na mpiga picha wa gazeti? Thubutu. Anagonga muhuri wake, ndiyo sahihi yake, kwamba alizubaa, anapewa maua, tunarudi kula."

"Na ile kinga ya mikono kwenye mashine, bosi?"

"Ilikuwa inatuchelewesha, nikaifungua nikaitoa. Nani anajua? Labda ukamwambie Puruko!"

Wakageuka kumtazama, wakacheka. Puruko akawapungia mkono. Ndivyo alivyofundishwa.

Wodini, Kinuyo aliinama kitandani mpaka paji la uso likagusa shuka. "Samahanini kwa usumbufu niliowaletea."

"Puruko, mkumbatie!" mpiga picha, mama mmoja mchangamfu, alihimiza. "Hapo hapo! Kazuri!"

Shingai akatandaza karatasi, akafungua kidau cha wino. Kinuyo alishika muhuri kwa mkono wa kushoto, ukamponyoka.

"Puruko, hebu msaidie dada," Shingai akasema kwa sauti ya asali.

Puruko akauokota muhuri, akaufumbata. Kwa mkono wa pili akakishika kichwa chake, akakivuta, akakitupa chini. Likatokea jimama la miaka arobaini na saba, nywele zimegandamana, uso umeiva.

"Vaa!" Shingai alifoka kwa kunong'ona. "Watu wanakuona!"

"Na wanione! Dada Kinu, hukuzubaa. Kinga ya mashine aliifungua huyu. Kaisema sasa hivi garini, anacheka."

"Mwongo! Nilikuambia lini?"

"Mimi hukuniambia. Ulimwambia Puruko."

Usami akaangalia viatu vyake.

"Kinga gani?" mpiga picha aliuliza. Uchangamfu umemwisha.

Kinuyo alikuwa anamtazama Shingai bila kupepesa. "Nimemwandikia kila mtu wa zamu yangu barua ya kuomba radhi," akasema polepole. "Barua thelathini na moja. Kwa kushoto."

"Dada, tulia, tutazungumza…"

"Tamae, nipe muhuri wangu."

Tamae alisita. Akampa. Kinuyo akauchomeka chini ya mto, akaikunjakunja ile karatasi, kisha akauma ncha ya bendeji na kuanza kuifungua.

"Mama wa gazeti, ulitaka picha? Subiri kidogo."

Shingai akalinyakua lile jichwa kubwa la waridi sakafuni, akasimama nalo katikati ya kitanda na kamera, amelikumbatia kama mtoto.

Tamae akamshika bega.

"Sogea," akamwambia. "Unaziba mwanga."