Jiwe la Kijani la Fusae

Tokuji hakuwa na mtoto, hakuwa na jino la mbele, hakuwa na ndugu aliyebaki hapo Akita, kaskazini mwa Japani, wala hakuwa na subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Tangu theluji ya mwaka ule iyeyuke, hakuwa na mke nyumbani pia.

Fusae aliteleza bafuni, chini ya bomba la mvua, pale watu wanapojisugua kabla ya kuingia kwenye hodhi la maji moto. Nyonga ikavunjika. Sakafu ilikuwa ya itale, jiwe gumu jeusi lililong'arishwa kama kioo. Tokuji ndiye aliyeichagua, ili wageni waisifu. Fusae alikuwa ameomba jiwe la kijani la milima ya kwao, lisiloteleza hata likijaa povu.

"Hilo ni la nyumba za wakulima," alimjibu siku ile, na maneno yakaishia hapo.

Sasa mkewe alikuwa katika nyumba ya wazee, ng'ambo ya mto. Daktari alisema anaweza kurudi, mradi pa kuogea pawe salama na mwenyewe akubali. Tokuji akaenda kwa Kanbe, muuza mawe yule yule aliyemuuzia itale.

"Ehee, bwana mkubwa! Leo umeshuka kwa wakulima?"

"Acha maneno. Nionyeshe ya kijani, yasiyong'arishwa."

"Haya hapa, yamekatwa kwa msumeno tu. Yalowanishe kwanza, rangi yake huonekana yakilowa. Na usije ukayasugua kwa siki. Maji na brashi, kisha fungua dirisha yakauke."

"Najua."

"Unajua kila kitu, ndiyo maana unaoga peke yako."

Tokuji akalipa, akayabeba mawe.

Aliing'oa itale kwa patasi. Akamwaga saruji yenye mwinamo kuelekea tundu la maji, na pale maji yaliposimama, akabomoa akaanza upya. Kila kigae alikipaka saruji mgongo mzima ili pasibaki uwazi chini yake. Akajaza mianya, akangoja ikauke. Alipomwaga maji, ukijani ukaamka. Alivua soksi, akasimama juu yake, nyayo zikashika. Machozi yakamtoka.

Siku iliyo fupi kuliko zote za mwaka, siku ambayo kwa desturi watu huoga maji yenye machungwa madogo ya yuzu, alimleta Fusae ajionee. Mkewe aliinama juu ya mkongojo wake, akaligusa jiwe.

"La kwetu hili. Umelipata wapi?"

"Kwa Kanbe. Na matusi juu."

Fusae akacheka. Tokuji hakuwa amesikia kicheko kile kwa muda mrefu.

"Basi niandalie maji, mzee wangu."

Akajaza hodhi, akatia yuzu zielee. Kisha, kama jioni zote za ndoa yao, akatundika taulo lake akaingia. Mwenye nyumba hutangulia. Mke huingia mwisho, maji yale yale yameshapoa. Hakufikiri kabisa. Hata aliimba.

Alitoka mwekundu, ananukia machungwa. "Haya, zamu yako! Maji matamu!"

Fusae alikuwa ameketi ukumbini, koti mwilini, skafu imefungwa.

"Nirudishe."

"Kwani vipi? Sakafu haitelezi! Nimeijaribu mwenyewe!"

"Nimekusikia ukiijaribu." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Tokuji. "Kule naingia wa kwanza. Binti anayetuogesha huniuliza, bibi, maji yawe ya moto kiasi gani? Mara ya kwanza nilishindwa kumjibu. Sikuwa nimewahi kuulizwa."

"Si ungesema tu!"

"Nilisema siku ile, jiwe la kijani."

Alimrudisha ng'ambo ya mto. 

Nyumbani, machungwa yalikuwa yakielea katika maji baridi. Tokuji akayaopoa, akaisugua sakafu kwa maji na brashi, akafungua dirisha. Kisha akaketi, akaandika:

"Fusae, vigae vya kijani vimebaki. Je, ungependa niombe ruhusa nije kuviweka huko unakooga? Ukisema hapana, ni hapana. Na maji, unayapenda ya moto kiasi gani? Mimi sijui."

Akalamba gundi ya bahasha, akaubana mkunjo kwa dole gumba, akauchorea alama ya kuonyesha barua haijafunguliwa, kama ilivyo desturi. Akatoka nje kwenye theluji, ndala miguuni, mpaka kwenye sanduku jekundu la posta pale kona, akaiachia barua ianguke.