Jina la Carmel

Mama Cécile alizaa watoto wawili wa kiume. Carmel, mdogo, alikufa kwa kipindupindu akiwa na miaka kumi na mitano. Jean-Luc, aliyemzidi kwa miaka miwili, alibaki na mpira wake.

Jean-Luc alipofika miaka ishirini, wakala mmoja alimwona akicheza mjini kwao Kalemie, Kongo, akasema Ulaya wanatafuta vijana wa miaka kumi na minane. Wa ishirini amechelewa. Kifo cha Carmel hakikuwa kimeandikwa katika biro yoyote ya serikali. Basi Jean-Luc akachukua cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, akapanda ndege akiitwa Carmel.

Kwa miaka minne Mama Cécile alimwangalia kwenye simu ya jirani, mgongoni ana jina la mtoto aliyemzika. Uwanja mzima ulikuwa ukiliimba. Majirani walishangilia, yeye aliinuka kwenda kugeuza juani ndakala zake, vile visamaki vya ziwani, ingawa zilikuwa zimekwisha kukauka.

Mwaka huu klabu ya Jean-Luc, huko Ubelgiji, ikapata wanunuzi. Kabla ya kutia sahihi, walitaka karatasi za kila mchezaji zikaguliwe, wasije wakanunua kesi pamoja na klabu. Jumanne Jean-Luc akapiga simu.

"Mama, avoka wa wanunuzi anakuja Kalemie. Ataona musalaba wa Carmel. Uandike jina langu la kuzaliwa, aone mufu ni Jean-Luc."

"Jina lako? Juu ya kaburi?"

"Njo njia moja tu, Mama. Seremala atafanya kwa saa moja."

Mama Cécile akaung'oa msalaba, akaupeleka. Seremala akapaka rangi nyeupe juu ya jina la zamani, akachovya brashi, akauliza, "Niandike nani?"

Mama Cécile akamwambia asiandike. Akaomba apewe msalaba vilevile, mtupu, akaubeba mpaka makaburini.

Ijumaa akafika Maître Arlette, yule avoka, wakili wa wanunuzi, kutoka Lubumbashi. Hakuwa mkali. Alivua viatu alipoona matope, akasimama mbele ya msalaba usio na jina.

"Mama, huyu nani?"

Angejibu "Jean-Luc", mwanawe angebaki na kazi yake. Lakini tangu maziko hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza habari za mtoto huyu.

"Njo Carmel," alisema. "Mutoto wangu wa pili. Alipenda embe mbichi na chumvi. Aliugua siku mbili tu. Nilikuwa namunywesha maji, yanatoka."

Akaendelea kusema kwa muda mrefu, na Maître Arlette hakumkatiza. Mwishoni akafunga daftari lake.

"Mama, unajua nitaandika nini?"

"Najua."

Mauzo yalifanyika. Mkataba wa Jean-Luc ulivunjwa, na shirikisho la soka likamfungia miaka miwili. Jean-Luc alipiga simu mara moja tu.

"Mama, umemuchagua mufu."

"Nilishindwa kukuzika, mwanangu."

Akakata. Namba ile haipatikani tena.

Wafanyabiashara wa Moba wanaopita bandarini wanasema wamesikia yuko Liège, huko huko Ubelgiji, anapakia masanduku katika ghala. Mama Cécile huwauliza kama anakula vizuri. Hawajui.