Noeli ya Mwezi wa Saba Kapata

Noeli mwezi wa saba! Wazo hilo lilitoka kwa Simone, na mdomo wa Simone haujui kupumzika. Yeye ndiye aliyemwingiza Tshibola katika biashara ya kuuza mafuta ya ngozi na manukato nyumbani, kwa hiyo alijiona mkubwa wake.

"Mama, Desemba kila mutu anauzisha," alimwambia kwenye simu. "Wewe fanya Noeli sasa, batu bashangae. Weka mti, weka taa, punguza bei. Utaona!"

Tshibola akasema ndiyo. Siku hizo alisema ndiyo kwa kila kitu. Ukimwambia ale, anakula. Ukimwambia alale, analala. Tangu shimo la madini lilipoporomoka kule Mutoshi na mwanawe Gael akiwa chini, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Wachimbaji wenzake walifukua mpaka wakachoka, hawakumpata. Ndugu za mumewe walitaka kilio kifanyike. Hapo tu ndipo alipokataa, tena katakata: mwili hauko, kilio cha nani? Kuweka kilio ni kusema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Gael amekufa, na hilo hakulisema. Mumewe, Ntambwe, hakubishana. Alikwenda kazini, akarudi, na jina la mtoto halikutajwa tena nyumbani.

Basi Jumamosi asubuhi, katika vumbi na baridi ya kiangazi, mkodisha viti akaleta turubai na viti vyekundu vya plastiki. Tshibola akapanga chupa mezani, akasimamisha mti wa Noeli, akachomeka taa. Wapi! Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na nyimbo alizoagizwa na Simone kuzipiga zikakwama vivyo hivyo. Akaketi nyuma ya meza, kofia ya Noeli kichwani, mikono mapajani.

Sasa niambie wewe: ukipita mtaani Kapata ukaona turubai uani, viti vimepangwa, muziki hakuna, utafikiri nini? Harusi ina kelele. Noeli mwezi wa saba, nani ataiwaza? Wateja walioalikwa kwa WhatsApp walikuwa bado wanajipaka poda. Majirani ndio waliotangulia.

Mama Honorine wa nyumba ya pili aliingia mbio, kitenge kimefungwa kiunoni. "Gael, eh! Gael wetu, bamekupata wapi?" Akajitupa chini. Nyuma yake wakaja mama wa kwaya, mmoja na kuni, mwingine na unga wa kusongea bukari. Ua ukajaa vilio kabla Tshibola hajafungua mdomo.

"Haiko kilio," alisema. "Ni promo, ninauzisha mafuta. Ni Noeli."

Hakuna aliyesikia. Akarudia kwa sauti. Honorine akainua uso wenye vumbi, akaona mti, akaona chupa, akaona kofia.

"Yesu wangu! Mama, unisamehe." Aibu ilimshika. Wanawake wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakikung'uta vitenge, wakiogopa kumtazama.

Ndipo Ntambwe alipotoka ndani, shati halijafungwa vifungo. Alipita katikati yao, akavua viatu, akaketi chini kabisa kwenye udongo, kama baba aliyefiwa anavyoketi.

"Tata, habajamupata," Honorine akamnong'oneza. "Ni sisi tumekosea."

"Minajua. Muniache nilie."

Akalia, mwanamume mzima, kwa sauti ambayo Tshibola hakuwahi kuisikia katika ndoa yao yote. Alimwonea huruma, lakini huruma yenyewe ilimfikia kwa mbali. Alijua kwamba akiwaruhusu wanawake waondoke, mume wake atasimama, atafunga vifungo vyake, na wote wawili watanyamaza mpaka uzee. Simu ikaita. Simone huyo, anataka kujua kama wateja wamefika. Akaiacha iite.

"Mama, tuende?" Honorine akauliza.

Tshibola akatoka nyuma ya meza, akavua viatu, akaketi karibu na mumewe. Aliyatafuta machozi, hayakuja.

"Mukae," akasema. "Mutoto yangu amekufa. Munililie, mi siwezi."